Mama kasachiwa mpaka tumboni mbele ya mkwewe, mume wangu anasema "ndo usalama"

BARUA

Anti shikamoo. Naandika saa nane usiku, usingizi umekata, nisamehe kama ntakuwa mrefu, ila kuna kitu kimenikaba hapa kooni wiki ya pili sasa na nyumbani hatuongei vizuri kwa sababu yake.

Mama yangu ana miaka 67. Mwaka juzi alipasuliwa utumbo na tangu siku hiyo anatumia mfuko wa choo, ule unaobandikwa tumboni. Tunaojua ni mimi, yeye na daktari, basi. Hata kaka zangu wanajua tu "mama alifanyiwa oparesheni ya tumbo", wakaishia hapo. Mama ni mtu wa siri halafu ni msafi yule wa kupitiliza, anafua kitambaa ambacho hata hakijachafuka, kwahiyo unaweza kupata picha hilo jambo alilipokeaje. Miezi mingi hakutoka nje. Nikakaa nae, nikajifunza kumbadilishia, taratibu akajifunza mwenyewe, mpaka ikafika mahali akaanza kutaniana na watu tena.

Sasa juzi kati tulikuwa tunarudi kutoka kliniki yake, mimi, mama na mume wangu. Wakati wa kwenda tulipita ule mlango wa kulia ukiwa na chuma, haukulia, tukapita kama upepo. Kurudi, uwanja mwingine, mambo mengine. Vua mkanda, toa simu, laptopu kwenye trei yake, maji mwaga. Mume wangu katangulia, mimi nikafuata, mama nyuma yangu. Akaingia kwenye ile mashine ya kusimama umenyanyua mikono juu. Kutoka tu, kwenye skrini kale kamchoro ka mtu kakawa na kiboksi cha njano tumboni. Yule dada wa sekyuriti, mdogo tu, kwa sauti ya kuita abiria aliyepotea: "Bibi, hapa tumboni umeficha nini?"

Foleni nzima kimya. Mama hajibu. Akaulizwa tena huku anabonyezwa. Mama akasema kwa sauti ndogo ni mfuko wa hospitali. "Mfuko wa nini? Hebu toa niuone." Anti, mama yangu akapandisha blauzi. Pale pale. Mume wangu alikuwa kainama anavaa viatu, kusikia sauti ya mama mkwe wake akanyanyua kichwa, akaona kila kitu. Mimi nataka kurudi nazuiwa, "dada usivuke huo mstari".

Ndo akatokea mama mmoja mtu mzima, nadhani ndo mkubwa wao, akamziba mama kwa mwili wake akatupeleka kwenye kachumba pembeni. Humo ndani akamwambia mama apapase mwenyewe juu ya nguo pale penye mfuko, halafu akampitishia kitambaa kidogo viganjani, akakitumbukiza kwenye kimashine, kikakubali. Dakika mbili hazikufika. Akasema samahani sana mama yangu, safari njema.

Ndani ya ndege mama hakuongea na hakunywa hata maji, anaogopa mfuko usije ukajaa. Kufika nyumbani akasema "mimi na ndege tumeachana". Na mume wangu, mama anamkwepa kabisa, mume akija sebuleni mama anaingia chumbani. Baada ya miezi miwili anatakiwa arudi kwa daktari wake, na huko bila ndege ni siku mbili barabarani, hawezi.

Tukagombana na mume wangu. Yeye anasema ndo usalama, sheria ni ya wote, "unataka wamwachie kila anayesema mgonjwa? siku bomu likilipuka utasemaje?" Mimi nikamwambia hayo ni maigizo tu, rafiki yangu alisahau kisu cha kukunja kwenye begi, kwenda hawakukiona, wakaja kukikamata wakati wa kurudi. Hivi kweli anti, huku kusachiwa kunaokoa watu au tunadhalilishwa bure? Nilalamike au ninyamaze? Na mama nimpandisheje ndege tena?

Binti wa mama

JIBU LA ANTI

Marhaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote nimekwama pale mama alipopandisha blauzi. Poleni sana, hasa yeye.

Nikwambie mapema usije ukasoma mpaka chini unanitafuta niko upande gani. Kwenye kusachi kwenyewe niko na mumeo. Kwenye alichofanyiwa mama niko na wewe, tena sana. Nyie mmechukua mambo mawili mkayafunga kamba moja, ndo maana mnagombana hamfiki popote.

Tuanze na ile mashine ya mikono juu, maana hiyo ndo iliyoleta yote. Wakati wa kwenda mlipita mlango wa chuma na haukulia, si ndio? Sasa hapo ndo penye kisa. Tarehe 25 Desemba 2009 kijana mmoja, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit akiwa kashonea baruti ya unga kwenye chupi. Mlango wa chuma hauna habari na unga, akapita. Akajaribu kuilipua ndege inakaribia kutua, ikashindwa kulipuka sawasawa, ikamuunguza mwenyewe, abiria wakamrukia. Baada ya hapo hizi skana za mwili zikasambaa viwanja vingi. Kwahiyo kile kiboksi cha njano tumboni kwa mama hakikusema "huyu bibi gaidi", kilisema hapa kuna kitu ambacho sio mwili, angalieni. Na kweli kilikuwepo. Mashine haina macho ya kujua huu ni mfuko wa choo au ni nini, na yule dada nae kwa kuangalia tu hajui. Hapo mumeo ana hoja, wakisema anayejitaja mgonjwa apite, basi wiki ijayo kila mwenye nia mbaya atakuwa mgonjwa.

Vijana wa sasa hawajui ndege zilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu walikuwa wanaingia kwenye ndege kama wanaingia kwenye basi, hakuna wa kukuuliza begi lina nini. Matokeo yake kati ya 1968 na 1972 ndege zaidi ya 130 zilitekwa Marekani peke yake, nyingine watekaji wanataka zikaishie Cuba, nyingine wanataka hela. Januari 1973 wakaanza kumkagua kila abiria na kila begi la mkononi, na utekaji ukashuka kama umekatwa na panga. Mashirika ya ndege yalikuwa yamepiga kelele kwamba abiria watachukia watakimbia. Wapi, abiria walipanga foleni. Na ile ndege ya Air France iliyoishia Entebbe mwaka 1976, watekaji hawakupandia ilikoanzia safari Tel Aviv, walipandia Athens ilipotua njiani, ambako ukaguzi ulikuwa legelege. Wenye nia mbaya hawapigani na mlango uliofungwa, wanatafuta ulio wazi.

Halafu kuna kisa kingine huwa sikisahau. Novemba 1996 ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na vijana watatu waliosema wana bomu. Wanataka iende Australia, rubani anawaambia mafuta hayafiki, hawasikii, ikaisha mafuta ikaangukia baharini Komoro. Walikuwemo watu 175, wakafa 125. Bomu lenyewe lilikuja kuelezwa kuwa ni chupa ya pombe iliyofunikwa, na shoka walilolishika walilichukua humo humo ndani kwa marubani. Mimi kisa hiki kinanifundisha kitu kidogo tofauti na anachosema mumeo: upekuzi haukamati tu silaha, unamnyang'anya mtu uwezo wa kukudanganya kwamba anayo. Mkiwa angani na mtu anasimama anasema nina bomu, hamna wa kumuuliza lete tulione.

Sasa nije kwako na neno lako la maigizo, maana nalo haliko hewani. Mwaka 2015 huko Marekani ilivuja ripoti ya majaribio, wapelelezi wa serikali yenyewe walijifanya abiria wakajaribu kupitisha silaha na mabomu ya bandia, kati ya mara 70 wakafanikiwa mara 67. Sitini na saba! Mkuu wa ukaguzi akaondolewa kwenye kiti. Kwahiyo kisu cha rafiki yako hakinishangazi hata kidogo. Yule anayekaa mbele ya eksirei anaona rangi, vitu kama sabuni, vitabu, nguo nzito na baruti vyote vinaelekea rangi ya chungwa, chuma inakuwa bluu, na begi limeshonwa vitu kama kiota cha ndege. Baada ya kama dakika 20 wanabadilishana kwasababu macho yanachoka, na mashine yenyewe kuna wakati inachomeka picha ya bastola ya uongo kwenye begi la mtu ili kumpima kama bado yupo macho. Ni kazi ngumu, na wanakosea.

Na kuna vitu vingine ni vya kuchekesha. Richard Reid alijaribu kuwasha kiatu chenye baruti kwa kiberiti ndani ya ndege Desemba 2001, mhudumu akasikia harufu ya kiberiti wakamdaka. Kwa kiatu cha mtu mmoja dunia ikavuliwa viatu miaka na miaka, Marekani wenyewe wamekuja kuruhusu abiria wa kawaida wapite na viatu vyao Julai 2025. Maji nayo, njama iliyogunduliwa London Agosti 2006 ya kulipua ndege kwa kimiminika kilichotiwa kwenye chupa za vinywaji, ndo ikatuletea hii sheria ya kimiminika kisizidi mililita 100 kwa chupa tunayolia nayo mpaka leo, ingawa viwanja vyenye mashine mpya za kuona begi pande zote vimeanza kulegeza. Unaona walivyo, wanafukuzia bomu la jana. Na muda huo mlango wa nyuma uko wazi, Februari 2016 ndege ya Daallo ikitokea Mogadishu ilipasuliwa ubavu na bomu la laptopu, na kamera zikaonyesha mlipuaji alikabidhiwa laptopu ile na watu waliokuwa wanafanya kazi hapo hapo uwanjani. Umbonyeze bibi wa watu tumbo asubuhi mpaka jioni, hilo hulikamati.

Lakini mwanangu, nyavu yenye matundu bado ni nyavu. Samaki hajui tundu liko wapi. Yule wa chupi na yule wa kiatu wote walilazimika kutengeneza vitu vya ajabu ajabu vya kujificha mwilini, vikawagomea mikononi, na mimi naamini wangeruhusiwa kupita na begi bila kukaguliwa wasingehangaika na chupi. Ukijumlisha na mlango wa marubani ulioimarishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na abiria ambao siku hizi hawakai kimya wakamwacha mtu, unapata ndege ambayo mimi napanda bila wasiwasi. Ukiniuliza nipande ya kukaguliwa au ya kutokaguliwa, sisubiri umalize swali.

Haya. Sasa yule dada.

Hapa mumeo amekosea na umsomee hii sehemu kwa sauti. Rudia barua yako mwenyewe uangalie bomu lilitafutwa wapi. Kupiga kelele "umeficha nini", halikutafutwa bomu hapo. "Toa niuone", halikutafutwa bomu. Angeuona mfuko, halafu? Kwa macho angejuaje ndani kuna nini? Blauzi imepandishwa, foleni imeona, mkwe kaona, na kiusalama hakuna alichojua ambacho hakujua mwanzo. Bomu lilitafutwa kwenye kile kitambaa kidogo, basi. Kile kinashika chembechembe za baruti mkononi, mtu aliyegusa baruti hata akinawa ni shida kuzimaliza. (Mimi kiliwahi kunililia kwa ajili ya losheni ya mikono yenye gliserini, nikasimamishwa pembeni na bahasha yangu ya mkononi kama mwizi wa kuku, wakarudia, wakaniachia. Hakuna aliyenipigia kelele na sikuumia.) Yule mama mtu mzima aliyewapeleka chumbani hakulegeza usalama hata nukta moja. Alikagua zaidi ya yule mdogo, na alikagua kimya.

Na wala hakuwa anawafanyia hisani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Marekani kwa mfano utaratibu wao kwa watu wenye mifuko hii uko wazi: hutakiwi kuufungua wala kuuonyesha, unaweza kuambiwa uupapase mwenyewe juu ya nguo halafu mikono yako ndo inapimwa, unaruhusiwa kuomba chumba na kuomba mtu wako aingie nawe, na anayekusachi anatakiwa kuwa wa jinsia yako. Viwanja vingi vina taratibu za namna hiyo. Yule dada au hakufundishwa au alifundishwa akapuuza.

Kwahiyo lalamika. Andika uwanja, tarehe, saa, kituo cha ukaguzi namba ngapi kama unakumbuka, na maneno aliyoyasema kama yalivyo, peleka uwanjani nakala kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Usiandike kwamba upekuzi ni maigizo, wataishia hapo hapo kusoma. Andika kwamba mwenzake alimaliza kazi hiyo hiyo kwa dakika mbili bila mtu kuvuliwa, na umtaje kwa wema yule mama. Mimi binafsi sitaki yule binti afukuzwe, nataka akae siku nzima nyuma ya yule mama anaangalia anavyofanya.

Mumeo. Mwambie anti kasema asimpelekee mama mkwe somo la usalama wa anga, hata sentensi moja. Mama hajaumizwa na mashine, kaumizwa na macho ya mkwewe, na kila mumeo akilianzisha lile jambo mama anaona blauzi inapanda upya. Asimwombe msamaha wala asimpe pole rasmi, aishi nae kama jana na juzi, amsalimie kama alivyozoea, amuulize dawa ya mbu imewekwa wapi, vitu vya kawaida. Na safari ijayo yeye ndo awatangulie kupita ukaguzi, aende akakae mbali kwenye viti vya kusubiria, awape mgongo.

Tuje kwa mama. Siku tatu kabla ya safari pigia simu shirika la ndege na uwanja uwaambie mna abiria mwenye kifaa cha matibabu mwilini, mnaomba msaada kwenye ukaguzi. Omba kwa daktari kadi au barua fupi. Haitamzuia kukaguliwa na msitegemee hivyo, kazi yake ni kuongea badala ya mama ili asilazimike kutamka chochote mbele za watu. Na kadi inatolewa KABLA hajaingia kwenye mashine, sio baada ya kiboksi kuwaka, hapo ndo mlipochelewa mara ya kwanza ingawa sio kosa lenu, hamkujua. Viwanja vingi sasa vina ule utepe wa kijani wa shingoni wenye maua ya alizeti, ulianzia uwanja wa Gatwick, London, mwaka 2016, unawaambia wafanyakazi huyu ana hali isiyoonekana kwa macho, ulizieni kama wanao.

Mfuko aumwage chooni kabla ya kuingia foleni. Kule juu hewa ya ndani ya ndege inabadilika na mfuko unaweza kuvimba kidogo, amwambie nesi ampe wenye kichujio. Na asikae bila kunywa maji tena, mtu aliyepunguzwa utumbo akikauka maji anaweza kuishia hospitali, mengine muulizeni daktari wake. Mifuko ya akiba iwe kwenye begi la mkononi na iwe zaidi ya mnayodhani mtahitaji, maana begi la chini likipotea limepotea na siri yake. Matundu ya plasta myakate kabisa nyumbani, mkasi unaweza kunyang'anywa.

Halafu mfanye mazoezi. Sebuleni, wewe na yeye tu, mlango umefungwa. Wewe uwe yule dada, yeye asimame anyanyue mikono, akupe kadi, aseme: "Nina kifaa cha hospitali tumboni, naomba chumba na mwanangu aingie na mimi." Mara ya kwanza sauti itakatika, mwache. Mkirudia rudia utashangaa kuna siku atakuja kuisema kwa ukali kidogo, kama anavyosema na mtu aliyemchafulia kitambaa chake. Siku hiyo ndo ukate tiketi.